Watu 3,699,872: namna ya kuichambua namba kubwa kwa kalamu na karatasi

Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 iliukuta Mkoa wa Mwanza una watu 3,699,872. Wengi wakiitaja namba hiyo huikata: "milioni tatu na laki saba hivi." Kwa kupanga madawati na visima, laki saba hivi inatosha. Kwa mtu wa hesabu haitoshi, maana 3,700,000 ni namba nyingine kabisa, yenye vigawo vingine na tabia nyingine.

Mwongozo huu ni wa kuichukua namba kama hiyo, yenye tarakimu saba, na kuivua nguo moja moja mpaka ujue imejengwa kwa nini. Unahitaji kalamu, jedwali la kuzidisha kichwani, na daftari la hesabu lenye vyumba, ili tarakimu zisihame nguzo. Kikokotoo cha simu kiweke pembeni kwanza. Kitakujibu kila utakachokiuliza, ila kuuliza nini ni kazi yako.

Utaratibu ni mmoja tu: anza na vipimo vya bei rahisi, malizia na vya gharama. Wanafunzi wengi huanza kugawanya kwa 7 kabla hata hawajatazama tarakimu ya mwisho, wanachoka mapema, wanasema hesabu ni ngumu.

Hatua ya 1: Ipange kwa makundi ya tatu

Andika 3 | 699 | 872. Hakikisha makundi yanaanzia kulia, si kushoto. Utaona baadaye kwamba makundi haya yana kazi kubwa kuliko kurahisisha kusoma.

Hapo hapo tazama tarakimu ya mwisho: 2. Namba ni shufwa, na haigawanyiki kwa 5 wala kwa 10. Tena si mraba wa namba nzima yoyote, kwa sababu miraba huishia na 0, 1, 4, 5, 6 au 9 tu. Umeshajua mambo manne na hujaandika hesabu hata moja.

Hatua ya 2: Jumlisha tarakimu zake

3 + 6 + 9 + 9 + 8 + 7 + 2 = 44. Kisha 4 + 4 = 8.

Ukigawanya 10, 100, 1,000 au 10,000 kwa 9, baki ni 1 kila mara. Ndiyo maana jumla ya tarakimu hubakisha kilekile ambacho namba yenyewe ingebakisha ikigawanywa kwa 9. Yetu inabakisha 8, kwa hiyo haigawanyiki kwa 9. Na kwa kuwa 44 haigawanyiki kwa 3, hata namba nzima haigawanyiki kwa 3. Hiyo 8 iandike pembeni na kuizungushia duara. Tutaihitaji kwenye ukaguzi.

Kipimo hiki kina tundu moja ambalo kila mtunza daftari anapaswa kulijua. Hakioni tarakimu zilizobadilishana nafasi. Mtu akiandika 3,698,972 badala ya 3,699,872, jumla inabaki 44 na kosa linapita. Lakini tundu hilohilo lina faida yake. Tuseme karani wa dagaa pale Mwaloni Kirumba ana jumla mbili zisizokubaliana: kitabu cha mizani kinasema kilo 5,240, risiti zinasema 5,420. Tofauti ni 180, na 180 ni 9 × 20. Tarakimu mbili zikibadilishana nafasi, tofauti ya namba hizo lazima igawanyike kwa 9. Kwa hiyo kabla hujamshuku mtu wizi, gawanya tofauti kwa 9. Ikigawanyika, tafuta kwanza palipogeuzwa tarakimu. Nawashauri watunza hazina wa vikoba wote waijue hii, ingeokoa vikao vingi.

Hatua ya 3: Toa mbili zote

Namba shufwa inaweza kuwa na 2 moja ndani yake au nyingi. Kuna njia ya kujua bila kugawanya namba nzima. Kwa 4, tazama tarakimu mbili za mwisho. Kwa 8, tatu. Kwa 16, nne. Kwa 32, tano. Na kuendelea hivyo.

72 inagawanyika kwa 4. 872 inagawanyika kwa 8, inatoa 109. 9,872 inagawanyika kwa 16, inatoa 617. 99,872 inagawanyika kwa 32, inatoa 3,121. Ukifika 64 unatazama 699,872, na hapo inagoma: baki ni 32.

Basi kuna 2 tano, yaani 32, si zaidi. Gawanya sasa:

3,699,872 ÷ 32 = 115,621

Kuanzia hapa hatushughuliki tena na namba ya mamilioni. Tuna 115,621, ambayo ni witiri.

Mwenye kupenda kompyuta atafurahia kwamba namba yetu ikiandikwa kwa tarakimu 0 na 1 tu inakuwa 1110000111010010100000. Hesabu sifuri za mwishoni: ni tano. Ni zilezile 2 tano.

Hatua ya 4: Kipimo cha 1,001

Hapa ndipo ninapopapenda kuliko hatua zote, na sijui kwa nini hapasisitizwi zaidi shuleni.

7 × 11 × 13 = 1,001. Maana yake 1,000 ni 1,001 kasoro moja. Kwa hiyo katika kugawanya kwa 7, 11 au 13, kila elfu ni sawa na kutoa 1, na kila milioni, ambayo ni elfu ya elfu, ni sawa na kujumlisha 1. Rudi kwenye makundi yako ya tatu, anzia kulia, jumlisha la kwanza, toa la pili, jumlisha la tatu:

872 − 699 + 3 = 176

Hiyo 176 inabakisha kilekile ambacho 3,699,872 ingebakisha kwa 7, kwa 11 na kwa 13. Kwa mstari mmoja umepima namba tasa tatu:

176 ÷ 7 = 25, baki 1.
176 ÷ 11 = 16, hakuna baki.
176 ÷ 13 = 13, baki 7.

Kumi na moja imo. Saba na kumi na tatu hazimo.

Baki la 7 lina kichekesho chake. Mkoa una wilaya saba: Nyamagana, Ilemela, Magu, Kwimba, Misungwi, Sengerema na Ukerewe. Ukitaka kuwagawa watu sawasawa kwa wilaya, kila moja inapata 528,553 na anabaki mtu mmoja, labda yuko kwenye kivuko cha Kamanga anasubiri kuvuka. Lakini ukigawa kwa halmashauri hakuna anayebaki, kwa sababu halmashauri ni nane, Buchosa ikihesabiwa mbali na Sengerema, na 8 tuliiona tangu hatua ya tatu. Kila halmashauri ingepata 462,484. Ni mchezo wa namba, bila shaka. Watu halisi hawakujigawa hivyo.

Kipimo hiki pia kinaliziba lile tundu la hatua ya pili. Chukua namba iliyogeuzwa, 3,698,972. Fanya 972 − 698 + 3, unapata 277, ambayo ikigawanywa kwa 11 inabakisha 2. Namba sahihi haibakishi kitu. Tarakimu mbili tofauti zinazofuatana zikigeuzwa, baki la 11 hubadilika kila mara, kwa hiyo 9 na 11 zikitumika pamoja ni walinzi wawili wanaopokezana zamu.

Gawanya: 115,621 ÷ 11 = 10,511.

Hatua ya 5: Endelea kwa namba tasa, na ujue pa kusimama

Sasa tunaitafuta iliyojificha ndani ya 10,511. Hapa hakuna ujanja, ni kugawanya. Lakini usigawanye ovyo. Zimeshatoka 2, 3, 5, 7 na 13. Namba iliyoshindwa kuigawa namba nzima haitaweza kukigawa kipande chake, kwa hiyo usiirudie. Iliyofanikiwa, yaani 11, irudie, maana inaweza kuwemo mara mbili.

10,511 ÷ 11: baki 6. Basi 11 ni moja tu.
10,511 ÷ 17: baki 5.
10,511 ÷ 19: baki 4.
10,511 ÷ 23 = 457, hakuna baki.

Ingekuwa hakuna iliyoingia, tungeendelea mpaka 101 na kusimama. Vijana wa kidato cha pili huuliza: "Mwalimu, mbona tunaishia 101?" Kwa sababu, mwanangu, vigawo huja wawili wawili. Mmoja akiwa mkubwa kuliko kipeuo cha pili cha namba, mwenzake lazima awe mdogo kuliko kipeuo hicho, na wadogo wote ungekuwa umeshawapima. Kipeuo cha pili cha 10,511 ni 102 na kitu, na namba tasa ya mwisho kabla ya hapo ni 101.

Sheria hiyohiyo inatumalizia kazi kwa 457. 21 × 21 ni 441, na 22 × 22 ni 484. Kwa hiyo tunahitaji kupima namba tasa mpaka 19 tu. Na zote hizo, kuanzia 2 mpaka 19, zimeshashindwa katika hatua zilizopita. Hatuhitaji kugawanya tena hata mara moja: 457 ni namba tasa.

3,699,872 = 2⁵ × 11 × 23 × 457

Huu ndio uzao wa namba yetu, na hakuna namba tasa nyingine zinazoweza kuzidishwa pamoja zikaitoa, hata upange vipi.

Hatua ya 6: Kagua

Zidisha kwa zamu: 32 × 11 = 352; 352 × 23 = 8,096; 8,096 × 457 = 3,699,872. Halafu tumia ile 8 uliyoizungushia duara. Baki za 9 kwa 32, 11, 23 na 457 ni 5, 2, 5 na 7. Zao lake ni 350, na 3 + 5 + 0 = 8. Imekubali.

Hatua ya 7: Soma tabia zake

Ukishakuwa na vigawo tasa, mengine ni ya kuchuma tu. Idadi ya vigawo vyote: ongeza 1 kwa kila kipeo kisha zidisha. Vipeo ni 5, 1, 1 na 1, hivyo 6 × 2 × 2 × 2 = 48. Namba yetu ina vigawo 48, yenyewe na 1 zikiwemo.

Jumla ya vigawo hivyo ni 63 × 12 × 24 × 458, sawa na 8,309,952. Hiyo 63 inatoka kwenye 1 + 2 + 4 + 8 + 16 + 32. Nyingine ni kila namba tasa kuongezwa 1. Toa namba yenyewe, zinabaki 4,610,080, ambazo zinaizidi namba. Namba ya aina hii huitwa ya ziada. Zile ambazo vigawo vyake, bila kujihesabu zenyewe, hujumlika kuwa sawasawa na namba yenyewe, kama 6 na 28, ndizo kamilifu, nazo ni adimu mno.

Tabia moja ilinifurahisha kwa kuwa sikuitegemea. Rudi kwenye jumla ya tarakimu: 44. Kwa kuwa 44 ni 4 × 11, na zote zimo, namba yetu inagawanyika kwa jumla ya tarakimu zake yenyewe: 3,699,872 ÷ 44 = 84,088. D. R. Kaprekar, mwalimu wa shule wa India, ndiye aliyezipa namba za namna hii jina la namba za Harshad. Zipo nyingi, hasa miongoni mwa namba ndogo, kwa hiyo usiifanye kuwa ishara ya jambo lolote. Nasema hivyo kwa sababu wapo wanaoona namba ya sensa wakaanza kutafuta siri ndani yake. Namba hii ni hesabu ya watu waliolala hapa usiku mmoja wa Agosti 2022. Angezaliwa mtoto mmoja zaidi kabla ya usiku huo, tungekuwa na 3,699,873, ambayo jumla ya tarakimu zake ni 45: inagawanyika kwa 9, wala haina 2 hata moja.

Jambo lingine, kwa haraka: namba yetu haiwezi kuandikwa kama jumla ya miraba miwili. Namba tasa zinazobakisha 3 zikigawanywa kwa 4 zinazuia hilo zikiwemo mara witiri, na hapa 11 na 23 zote ni za aina hiyo, kila moja imo mara moja.

Hatua ya 8: Njia ya Fermat

Haiwezi kuwa jumla ya miraba miwili, lakini inaweza kuwa tofauti yake. Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17, alitumia hilo kuvunja namba bila kupima namba tasa moja moja. Kwanza kadiria kipeuo cha pili. 1,900 × 1,900 ni 3,610,000, bado 89,872. Gawanya hiyo kwa 3,800, mara mbili ya 1,900, unapata 23 na kitu. Kipeuo kipo kati ya 1,923 na 1,924. Anza na 1,924, uwe unatoa namba yetu kwenye mraba na kutazama kama kilichobaki ni mraba:

1,924² − 3,699,872 = 1,904. Si mraba.
1,925² − 3,699,872 = 5,753. Si mraba.
1,926² − 3,699,872 = 9,604. Hii ni 98 × 98.

Mara ya tatu tu. Sasa jumlisha na utoe: 1,926 + 98 = 2,024 na 1,926 − 98 = 1,828. Basi 3,699,872 = 1,828 × 2,024. Ungewapanga wakazi wote wa mkoa kwa safu 1,828, kila safu watu 2,024, usingepungukiwa na mtu wala kubakisha. Uwanja wa kuwapanga hivyo Mwanza hatuna. CCM Kirumba hautawatosha hata robo.

Njia hii ni ya haraka namba inapokuwa na vigawo viwili vinavyokaribiana. Visipokaribiana inachosha kuliko hatua ya tano. Na usiijaribu kabisa kwa namba shufwa isiyogawanyika kwa 4: tofauti ya miraba miwili haiwi hivyo kamwe.

Hatua ya 9: Ilinganishe na namba nyingine

Sensa hiyohiyo iliwahesabu Watanzania 61,741,120. Tutafute Kigawo Kikubwa cha Shirika, KKS, cha mkoa na taifa. Shuleni tulizoea kuvunja namba zote mbili kwanza. Njia ya Euclid, ya yapata mwaka 300 kabla ya Kristo, haihitaji kuvunja chochote: gawanya kubwa kwa ndogo, chukua baki, gawanya ndogo kwa baki, endelea.

61,741,120 ÷ 3,699,872: baki 2,543,168
3,699,872 ÷ 2,543,168: baki 1,156,704
2,543,168 ÷ 1,156,704: baki 229,760
1,156,704 ÷ 229,760: baki 7,904
229,760 ÷ 7,904: baki 544
7,904 ÷ 544: baki 288
544 ÷ 288: baki 256
288 ÷ 256: baki 32
256 ÷ 32: hakuna baki

KKS ni 32. Kumbe zinashirikiana zile 2 tano tu. 11, 23 na 457 ni za Mwanza peke yake. Ukigawanya namba zote mbili kwa 32, sehemu ya mkoa katika taifa inakuwa 115,621 juu ya 1,929,410, na haipunguziki zaidi ya hapo. Ni karibu asilimia 6. Ukitaka kuhakikisha kwamba 11 haimo katika namba ya taifa, fanya 120 − 741 + 61. Unapata 560 hasi. Alama ya kutoa iache. 560 haigawanyiki kwa 11, ila inagawanyika kwa 7. Taifa linagawanyika kwa saba, mkoa haugawanyiki.

Ya kujaribu mwenyewe

Sensa ya 2012 iliukuta mkoa una watu 2,772,509. Hii ni ngumu kuliko ya 2022. Haigawanyiki kwa namba tasa yoyote iliyo chini ya 100, hivyo nimeshakupunguzia 25 za mwanzo. Kipeuo chake cha pili ni 1,665 na kidogo sana, na namba tasa ya mwisho unayolazimika kuipima ni 1,663. Kwa njia ya Fermat, anzia 1,666. Majaribio matatu ya kwanza yanatoa 3,047, 6,380 na 9,715, na hakuna hata moja lililo mraba. Kuanzia hapa, kikokotoo kinaruhusiwa.